Dereva Pekee

Hafidh Mbarouk alitoka Wete, Pemba, akafika Birmingham mwaka 1991. Alibeba mizigo katika kiwanda kimoja huko Aston kwa miaka mitatu, kisha akapata leseni ya basi, na tangu siku hiyo alikuwa anaendesha namba kumi na moja, lile basi linalouzunguka mji kwa nje: Perry Barr, Erdington, Acocks Green, Harborne, mpaka Perry Barr tena. Mzunguko mmoja ulikula zaidi ya saa mbili. Ukimuuliza kuna nini pembeni mwa barabara fulani, angekutajia vituo, taa na mashimo, lakini si nyumba wala bustani. Hizo hakuwa na nafasi ya kuzitazama.

Kwa hiyo rafiki yake Rashad alipoleta wazo la kwenda Ufaransa kwa gari, watu watatu, siku nne, Hafidh hakuuliza watakwenda kuona nini. Aliuliza nani atashika usukani.

"Mie," alisema Rashad. "Mie nimeendesha malori Maskati, kutoka bandarini mpaka jangwani. Wewe utakaa nyuma kama bwana harusi."

"Nataka kukaa dirishani tu, nitazame," alisema Hafidh. "Sitaki kugusa gia."

"Hutaigusa."

Maneno haya yalisemwa jikoni kwa Hafidh, Balsall Heath, mwezi wa Juni mwaka 2007, na Gurnam alikuwapo akinywa chai. Gurnam alikuwa fundi seremala mzaliwa wa Nakuru, mzee wa miaka sitini na minne. Miaka saba nyuma alikuja kutengeneza makabati ya jiko lile, akasikia watu wa nyumbani wakizungumza Kiswahili, na kuanzia hapo hakupita wiki bila kuja. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alikuwa amempangia upasuaji mwezi wa Oktoba na kumkataza kabisa kuendesha, na Toyota yake ilikuwa imelala nje ya nyumba yake tangu msimu wa baridi. Gari hiyo ndiyo waliyokubaliana kwenda nayo. Kwa kuwa mzee hakuweza kusoma maandishi madogo, Rashad, ambaye aliuza kadi za simu na kupokea mizigo ya kupeleka Zanzibar, alijitolea kujaza karatasi zote: tikiti za feri, hoteli, bima.

Gurnam alikuwa na lake moja tu. Katika duka la vitu vya mitumba alinunua kitabu cha picha za makanisa ya kaskazini mwa Ufaransa, na ndani yake aliona viti vya mwaloni vya kanisa kuu la Amiens, vilivyochongwa miaka mia tano iliyopita, vyenye maelfu ya watu wadogo: waokaji, wakulima, wanawake na watoto wao. "Hiyo kazi nataka kuiona kabla haya macho hayajafungwa bandeji," alisema. Rashad kwa upande wake alitaka majabali meupe ya Étretat, apige picha awapelekee shemeji zake wa Maskati.

Waliondoka Jumatano ya mwisho ya Agosti, baada ya sala ya alfajiri. Mwanakhamis, mke wa Hafidh, aliwafungia katlesi na mikate ya kumimina, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini asijitie kwenye usukani, apumzike. Hafidh alicheka. Rashad alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, kitambaa kimefungwa kichwani. Alisema kipandauso kimemkamata tangu usiku. Je, Hafidh angeweza kuwafikisha Dover tu, bandarini? Ng'ambo atashika yeye.

Hafidh aliwafikisha Dover.

Feri ilipofika Calais kichwa cha Rashad kilikuwa kimepoa, kwani alikula katlesi nne. Lakini sasa alisema hajazoea kuendesha upande wa kulia, na gari hii usukani uko kulia vilevile, itakuwa vigumu kuona mbele akitaka kupita gari nyingine. Afadhali aangalie kwanza Hafidh anavyofanya, kesho ataelewa. Hafidh alimkumbusha kuwa Maskati pia watu huendesha kulia. Rashad alisema hiyo ilikuwa zamani, na malori ni kitu kingine.

Basi Hafidh akaendesha. Kila baada ya dakika chache walikuta kipilefti, na kila kipilefti kilimtoa jasho, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kuzunguka kushoto kwa miaka kumi na mitatu na hapa ilibidi aizuie kwa nguvu. Gurnam alikaa mbele, ramani magotini. Aliipokea ramani kwa furaha kubwa na kusema mistari yake ni minene, anaiona, ingawa hakuweza kuisoma. Alikuwa anakisia. Mara mbili aliwapeleka kwenye barabara ya shamba, na mara ya pili Hafidh alilazimika kurudi nyuma karibu kilomita nzima kati ya mahindi, huku mkulima akiwangojea na trekta lake, mikono amekunja kifuani.

"Tazameni lile kanisa," Rashad alikuwa akisema nyuma. "Tazameni ng'ombe wale. Hafidh, umewaona?"

Hafidh alikuwa anatazama nyuma ya lori lililobeba viazi sukari.

Waliingia Amiens jioni, wakalala. Asubuhi, Rashad alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari na wa kwanza kukaa kiti cha nyuma. Hafidh alisimama na funguo mkononi, akangoja. Rashad alisema mji una mitaa myembamba sana, si mahali pa kuanzia. Wakishatoka nje ya mji, ataichukua.

Maegesho karibu na kanisa yalikuwa yamejaa. Hafidh akawashusha wenzake mlangoni, akawaambia anatafuta nafasi na atawafuata. Alizunguka. Mtaa wa kwanza ulikuwa wa njia moja, wa pili ulimrudisha kanisani, wa tatu ulimpeleka mtoni na kumrudisha kanisani tena. Aliuona mnara kwenye kioo cha pembeni, ukaondoka, ukarudi. Watu walikuwa wamesimama uwanjani wameinua nyuso juu, wakionyeshana kwa vidole vitu vilivyochongwa mlangoni, na yeye hakuweza hata kuinamisha kichwa achungulie juu, maana nyuma yake gari lilikuwa likipiga honi. Alizunguka hivyo saa nzima na dakika kumi. Alihesabu: mara kumi na tisa.

Walipotoka, Gurnam alikuwa na macho mekundu. Mlinzi alikuwa amewaruhusu kuingia pamoja na kikundi cha wageni mpaka ndani kabisa penye viti, na mzee aliviona kwa kuusogeza uso karibu mno na mbao, mpaka mlinzi akakohoa. Alitaka kumsimulia Hafidh yote kwa pamoja: mikunjo ya nguo, vidole, jinsi fundi alivyofuata nyuzi za mti asizikate.

"Na wewe umekosa," alisema kwa huruma. "Turudi ndani nikuonyeshe. Rashad akae na gari."

Rashad alisema wakichelewa hawatafika Étretat na mwanga. Na alipoulizwa kama basi angependa kuendesha sasa, alisema tumbo halimkai sawa.

Hafidh akaendesha mpaka baharini, mwendo wa zaidi ya saa mbili. Huko majabali yalikuwapo, na Rashad alipiga picha zake, lakini maegesho yalikuwa chini kijijini na njia ya kupanda ilikuwa ndefu, na mgongo wa Hafidh ulikuwa umekaza kama ubao. Alijilaza ndani ya gari, kiti amekirudisha nyuma, akayaona mapaa ya nyumba na kipande cha anga. Usiku ule alimpigia Mwanakhamis simu. Alipoulizwa ameona nini, alifikiri kidogo, akasema ameona barabara.

Ijumaa walirudi kaskazini kwa njia ya pwani. Kiasi cha saa tano asubuhi, karibu na mdomo wa mto Somme, askari wawili wa barabarani waliwasimamisha kwenye kipilefti. Ulikuwa ukaguzi wa kawaida, na waliongea kwa adabu. Walitaka leseni na bima. Hafidh alitoa leseni yake, na Gurnam akatoa bahasha kwenye kisanduku cha mbele. Askari aliifungua karatasi, akalinganisha majina, akaonyesha kwa kidole mstari mmoja na kumtazama Hafidh, kama anayetaka kuhakikisha. Hafidh akausoma. Mwenye gari alikuwa Gurnam. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza watu walioruhusiwa kuendesha gari hiyo Ulaya, na palikuwa na jina moja tu. Lake.

Askari aliwarudishia karatasi na kuwatakia safari njema. Hafidh aliendesha mpaka mji mdogo uliokuwa mbele, akaingia mtaa wa kwanza, akasimamisha gari palepale alipoona nafasi, na kuizima.

"Ulijaza lini hii karatasi?" aliuliza bila kugeuka.

Rashad aligeuka kutazama dirishani.

"Nakuuliza, Rashad."

"Julai."

"Kwa hiyo tangu Julai ulijua."

Rashad alisema hivi na vile: kwamba kuongeza dereva wa pili ni usumbufu, kwamba alikusudia kumwambia, kwamba Hafidh ni dereva wa kazi na gari mikononi mwake ni salama zaidi. Gurnam, ambaye alikuwa hajaelewa, aliomba asomewe karatasi. Aliposomewa alishusha pumzi, akaiweka ramani sakafuni.

Hafidh alihisi masikio yake yanawaka. Hakuwa mtu wa kelele. Abiria walevi walimtukana kila wiki na yeye akasubiri washuke. Alichomoa funguo, akaziweka mkononi mwa Gurnam, akafungua mlango.

"Mie nshachoka kuwa dereva wenu," alisema, na akaondoka kwa miguu.

Mwisho wa mtaa palikuwa na kituo, na basi la kijani limesimama likitoa moshi. Mbele yake paliandikwa jina la kijiji cha pwani ambalo hakuweza kulitamka. Alimwonyesha dereva kidole kimoja, dereva akamkatia tikiti, akaenda akakaa kiti cha tatu, dirishani. Dereva alikuwa mwanamke mnene wa makamo, nywele fupi za kijivu. Basi liliondoka. Hafidh aligeuza uso kwenye kioo ili hatimaye atazame.

Hakuweza. Basi lilipokaribia kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Lilipokaribia kituo, alihesabu wanaongoja. Mwanamke yule alikuwa na tabia ya kuchelewa kubadilisha gia, na kila mara Hafidh alikuwa anambadilishia moyoni. Alijikaripia, akafumba macho kidogo ili autoe usukani kichwani mwake. Alipofumbua, basi lilikuwa limezimwa, halina mtu, na yule dereva alikuwa amemshika bega. Alikuwa amelala njia nzima.

Alishuka. Nusura alie kwa hasira, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Mbele yake palikuwa na ufuo wa kokoto na maji ya kijivu yaliyojivuta mbali, na ubao wa ratiba ulisema basi litarudi baada ya saa moja na robo. Alikaa kwenye benchi. Dereva naye alikuja na mkate wake akakaa ncha ya pili. Hawakuwa na lugha moja. Baada ya kitambo Hafidh alitoa pochi, akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi chenye picha ya basi, na yule mama alikitazama, akamtazama yeye, akacheka mpaka makombo yakamtoka. Kisha akaonyesha kiuno chake na kukunja uso. Hafidh akaonyesha chake. Mama akaonyesha goti. Hafidh akaonyesha bega. Walikwenda hivyo mpaka viungo vikaisha.

Wakati wa kurudi yule mama alimkalisha kiti cha mbele kabisa, upande usio na usukani, na kila alipotaka akitazame kitu alimgongea kioo. Kondoo waliokula kwenye majani yaliyokuwa yakifunikwa na maji ya chumvi kila bahari ikijaa. Nyumba ya matofali iliyokuwa na mashua imewekwa juu ya paa, sijui kwa nini. Mzee aliyekuwa akipaka rangi ya buluu dirisha la nyumba yake. Hafidh aliviona vyote. Ilikuwa dakika arobaini, na kwa muda huo hakuukumbuka mguu wake.

Aliposhuka mjini alisikia sauti za watu kabla hajaiona gari. Pale alipoegesha kwa hasira palikuwa mbele ya lango la muuza samaki. Katika miaka kumi na mitatu Hafidh hakuwahi kuziba lango la mtu. Lori la barafu lilikuwa limekwama ndani, mwenye duka akapiga kelele, na Gurnam akasimama na funguo mkononi, hajui la kufanya. Rashad akazichukua. Aliwasha gari ili aisogeze hatua chache tu. Ilirukia mbele, ikapiga nguzo ya mawe. Taa ya kushoto ilikuwa imevunjika na madigadi imeingia ndani, inakwaruza tairi.

Rashad alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara. Shati lake jeupe lilikuwa na alama ya mkanda wa gari kwa jasho.

"Sijapata kuendesha lori," Rashad alimwambia Hafidh alipomfikia. "Maskati nilikuwa naosha malori. Miaka sita. Nyumbani niliandika naendesha, na watu wakaamini, na mie nikaendelea kusema. Hapa nimefanya mtihani mara tano nikaanguka."

"Asmahan anajua?"

Asmahan alikuwa mkewe. Rashad alitikisa kichwa. Mkewe alidhani hanunui gari kwa sababu ya ubahili.

Hafidh alitaka kumwonea huruma, na huruma haikuja. Alifikiria viti ambavyo hakuviona, majabali aliyoyaacha, saa nzima ya kuzunguka kanisa. Alimwambia kama angesema kweli jikoni, wangepanda treni, na wote watatu wangekaa dirishani. Kisha Hafidh akaenda kumwomba radhi muuza samaki kwa ishara, kwa sababu lile la lango lilikuwa kosa lake yeye.

Gereji haikuweza kuwahudumia mpaka Jumamosi alasiri, na tena ni kwa kunyoosha madigadi tu na kubandika taa ya muda. Feri yao ya Jumamosi iliondoka bila wao. Walivuka Jumapili, na zamu ya Hafidh ya Jumapili mchana ikapita akiwa bado barabarani Kent. Kazini alipewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Aliisoma mara mbili na kuiweka kwenye droo.

Baada ya hapo hakukuwa na chai. Rashad alipita nyumbani mara mbili, na mara zote mbili Mwanakhamis alimpokea kwa heshima na kumwambia mwenyewe amelala, ilhali mwenyewe alikuwa macho chumbani, anasikia, na anajionea haya. Gurnam alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza Oktoba. Hafidh alipokwenda kumjulia hali, alimkuta anatazama mlango wa kabati lake mwenyewe.

"Hii nilipiga randa vibaya," alisema mzee. "Miaka yote sikuona." Halafu, bila kumgeukia: "Mimi pia nilidanganya. Ile ramani nilikuwa sioni kitu. Mbona mimi umekuja kuniona?"

Hafidh alisema si sawasawa. Gurnam alisema ni kweli si sawasawa, lakini alitaka tu kuuliza.

Ilimchukua Hafidh wiki tatu nyingine, na hakufanya kwa moyo mkunjufu. Jumapili moja ya Novemba alikwenda dukani kwa Rashad, akamkuta anafunga masanduku, akamwambia alete leseni yake ya mwanafunzi, na kwamba Gurnam ameshakubali kutoa gari na kumwandikisha kwenye bima. Walikwenda Aston, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Hafidh alikaa kiti cha abiria na mikono amekunja.

Rashad alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko alivyotarajia. Alitazama gia badala ya mbele. Aliachia klachi kama anayetupa kitu cha moto, na gari ikazima, akawasha, ikazima. Hafidh alimwambia kwa upole mara tatu, kisha upole ukamwishia. Alimkaripia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa walevi, akamwambia mguu wake umekufa ganzi, kwamba mtoto wa skuli angeshaelewa. Rashad aliyapokea yote. Mara ya kumi na mbili gari ilipozima, alitoa mikono kwenye usukani.

"Niache tu, Hafidh. Mie sifai."

Hafidh alifuta mvuke kwenye kioo kwa mkono wa koti. Alikuwa na hasira bado, na alijua atakuwa nayo wiki ijayo pia.

"Sikukuuliza kama unafaa," alisema. "Washa."

Rashad alianguka tena mwezi wa Machi, akafaulu Agosti mwaka 2008, jaribio la saba, na siku hiyohiyo alimweleza mkewe yote. Asmahan alikaa siku mbili bila kusema naye. Chai ilirudi kidogo kidogo jikoni Balsall Heath, si kila wiki kama zamani. Macho yote mawili ya Gurnam yalikuwa yamepona, na alishaanza kuendesha mwenyewe, kwa kasi iliyomtisha kila mtu. Safari nyingine haikuzungumzwa.